Nani Alimfundisha Kaleb Kuvua Mikunga?

Hale, Korogwe
12 Mei 2025

Mpendwa kaka Mustafa,

Shikamoo. Hujambo wewe, na shemeji Hajira, na baridi ya huko Sumbawanga? Sisi wazima, ila mama magoti yanamsumbua tangu masika yaanze. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ukibanwa unacheka, halafu eti mtandao umekatika.

Mikunga sasa ni biashara. Wale waliotucheka kwamba tunakula nyoka wa mtoni, leo wamejaa Mto Pangani na ndoano zao. Kila Jumanne linakuja gari lenye matangi kutoka Tanga, na tajiri anataka mkunga aliye hai tu. Wa ndoano hufia njiani. Wangu hafi, maana navua alivyotufundisha marehemu baba: minyoo nawatunga kwenye katani laini, mkunga aking'ata meno yananasa kwenye nyuzi, namtoa bila jeraha. Kwa kazi hiyo nimeezeka upya nyumba ya mama.

Sasa amekuja kijana wa Mazinde, Kaleb. Siku ya kwanza tu alitoa mikunga tisa wazima, kwa katani! Nikasogea kutazama fundo lake. Analilowesha kwa mate, analizungusha kushoto mara tatu, vilevile kama baba. Fundo lile tulifundishwa sisi wawili mlango ukiwa umefungwa. Hata Salimu wa baba mdogo halijui.

Kaka, nisamehe, nilikushuku wewe papo hapo. Si wewe uliyeuza baiskeli ya baba ukaapa imeibiwa? Nikamuuliza Kaleb kajifunzia wapi.

"Nyumbani, kaka. Mzee alinionyesha nikiwa mdogo."

Mzee gani? Akainamia ndoo yake, akaanza kuhesabu mikunga.

Tangu hapo sina raha. Baba alikata mkonge Mazinde miaka sita utotoni mwetu, akirudi kwetu mwisho wa mwezi. Kaleb ni mdogo wangu kwa miaka miwili. Sipendi anavyocheka. Masikio yake ndiyo sipendi kabisa, utadhani yako.

Mama anamsifia adabu, na amesema tukivuna mahindi atamwalika chakula.

Niambie kweli, ni wewe uliyemfundisha? Ukikiri nitakununia mwezi mzima, kisha nitakusamehe. Usiogope kukiri. Kila nikiswali namwomba Mungu iwe wewe.

Msalimie shemeji na watoto. Shangazi Munira wa Mkata anawasalimu. Mama pia anakusalimu. Hajui nimekuandikia nini.

Mungu awalinde na awape riziki ya halali.

Mdogo wako akupendaye hata akikushuku,
Muhsin