Kipande cha Tufaha cha Kerryn

Huon, Aprili

Mpwa wangu Kerryn, huko migodini,

Sisi wazima, na matufaha mwaka huu makubwa kama vichwa vya ng'ombe. Jana nilikwenda shuleni kwa Imogen wako. Nimewahi kunyoa kondoo mia tatu kwa siku, wa mwisho akanishukuru, lakini darasa la watoto wa miaka minne limeniweza! Nilimkuta mwanao anakata tufaha kwa kisu cha kweli, nikakimbilia kukishika.

"Babu, sijakuomba!"

Mwalimu Saskia akacheka. "Keti, mzee. Mikono mapajani. Hapa mtoto hasaidiwi mpaka aombe."

Nikaketi. Imogen akawagawia wenzake, kisha akaweka kipande kimoja kwenye kiti kitupu. Nikanyoosha mkono.

"Cha Mama hicho. Anakuja leo."

Mwalimu anasema hufanya hivyo kila siku tangu ulipoahidi kuja. Wakati wa kuondoka hukitupa mwenyewe, kimeshakuwa cheusi, wala halii.

Kerryn, nilikwenda pale kumwambia Imogen kwamba hutakuja mpaka Juni, kama ulivyoniagiza. Nikarudisha mikono mapajani, sikumwambia. Njoo umwambie mwenyewe.

Mjomba wako,
Darryl