Usirudi Kuichezea Timu ya Baba

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo karakanani, katikati ya majokofu yako. U hali gani? Kile kikohozi kimekwisha? Mimi ni mzima, mama ni mzima, na baba ni mzima kabisa. Hilo la mwisho nimeliandika polepole, maana najua ujumbe wa Baba Mdogo ulikuambia kwamba baba yuko kitandani, haongei, anakutaja wewe tu. Kaka, leo asubuhi baba amekunywa chai, amemgombeza muuza vifungo, na amekata suti nzima ya bwana harusi bila kupumzika. Kinachoumwa ni timu.

Najua umeshaanza kuomba ruhusa, na mtihani wako wa ufundi ni wiki hii inayokuja. Tafadhali soma hadi mwisho kabla hujafunga begi.

Tangu nimalize shule, kazi yangu ni kufua jezi za vijana na kuipelekea kamati chai inapokaa dukani kwa baba, kwa kuwa yeye ndiye mwenyekiti. Aliyebeba sinia haonekani, kwa hiyo nasikia mengi. Zamani nilidhani wale ni watu wenye akili. Sasa nimewasikiliza.

Ajenda yao ni ileile kila siku: vijana wa leo hawana moyo. Katibu, yule kinyozi, husema eti simu zimewaharibu, huku macho yake yako kwenye simu. Baba Mdogo, ambaye amekuwa kocha kwa sababu aliwahi kukalia benchi la timu kubwa, husema eti wao walicheza pekupeku na hawakulalamika. Baba huitikia akiwa na pini mdomoni. Hakuna anayeuliza vijana walioihama timu wamekimbia nini. Mimi nafua, najua jezi zipi hurudi na jasho na zipi hurudi safi kwa sababu mwenyewe hajawahi kuingizwa uwanjani.

Ungewaona wanavyosajili. Wanakwenda kwa mama wa kijana wakiwa wamevalia makoti aliyoshona baba, wanakalia viti vyote vya nyumba, wanaahidi viatu, nauli, hata kazi. Kijana anakuja. Baada ya muda mfupi anagundua kwamba nafasi yake inachezwa na mtoto wa katibu, ambaye hukimbia kama mtu aliyebeba beseni la maji kichwani, na akipokonywa mpira humtazama baba yake. Hatolewi. Kijana akiuliza, Baba Mdogo humwuliza mbele ya wenzake kama amekuja kucheza au kufundisha, na kama kwao kuna hata redio ya kusikilizia mpira.

Halafu kuna sanduku. Siku hizi viatu vyote vya mpira hufungiwa ndani ya sanduku chini ya meza ya baba ya kukatia nguo. Vijana huvivaa wakati wa mechi, filimbi ya mwisho ikilia huvivua palepale na kurudi kwao na kandambili. Hata mwenye viatu vyake mwenyewe huambiwa aviweke humo, eti viwe salama. Ng'ambo ya reli kuna timu inayofanya majaribio kila Jumamosi, na asiye na viatu hapokelewi. Baba anaona amebuni jambo kubwa. Alisema kijana hawezi kuihama klabu kama miguu yake iko chini ya meza. Wakacheka hadi katibu akamwaga chai, nikapiga deki.

Hata hivyo wanaondoka. Mmoja anauza chaja, mwingine amehamia kwa shangazi yake, wengine wameacha mpira kabisa, nao waliujua. Jumapili ijayo ni mechi ya kubaki daraja, ndipo Baba Mdogo alipokukumbuka. Alisema ukiitwa kwa mpira hutakuja, ukiitwa kwa ugonjwa utapanda basi la kwanza. Baba alitoa pini mdomoni. Nikangoja akatae. Akauliza tu ni ugonjwa gani usiohitaji hospitali.

Hapo ndipo nilipoacha kuwaogopa. Baba alipotoka kwenda kumpima mteja, nilichukua ufunguo kwenye kopo la vifungo, nikawapa vijana viatu kupitia mlango wa nyuma. Jumamosi wakavuka reli. Wengi wamechukuliwa kule, na viatu vya klabu wamevirudisha vikiwa vimepigwa brashi.

Kamati ikakaa kumtafuta msaliti. Wote wakasema ni kipa, kwa kuwa ana ulimi. Nikaweka sinia chini, nikasema ni mimi. Unanijua, kaka. Darasani nilikuwa naitikia jina langu kwa sauti ndogo hadi mwalimu ananiandika sipo. Siku hiyo nilisema kwa sauti. Katibu akacheka, akasema mtoto huyu hata kuku hawezi kumfukuza. Baba Mdogo akauliza kama nimempenda kipa. Baba akaniambia niongeze sukari. Kipa wakamfungia maisha, naye akatoka anapiga mluzi, kesho yake akawa ng'ambo ya reli.

Limebaki jambo moja, nalo ni zito kwangu. Chini kabisa ya lile sanduku nilikuta viatu vyako, vile ulivyonunua kwa ujira wako wa kwanza, ambavyo baba alikuambia vimeibiwa ile wiki ulipoitwa kwenye majaribio. Havikuibiwa. Vilikuwa vimeshonewa ndani ya kitambaa cha bitana, na mshono ule naujua, ni wa mkono wake. Ulilia, ukaacha mpira, ukaenda kujifunza majokofu, naye akakupa pole. Wewe ndiye uliyefungiwa wa kwanza. Navituma pamoja na barua hii. Pengine havikutoshi tena, lakini ni vyako.

Usije, kaka. Fanya mtihani.

Mama anakusalimu sana. Nilikuwa namsomea barua hii, na nilipofika kwenye viatu alisimama, akavuka ua, akaingia dukani na kufunga mlango. Mpaka sasa nasikia sauti yake peke yake.

Ni mimi mdogo wako, yule asiyeongea.