Vitu Viwili vya Kusafishia

Port Reitz, Changamwe
Jumapili, baada ya Alasiri

Baba yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Shikamoo, Baba, na mkono wako naubusu kutoka huku niliko. Natumai barua hii itakukuta u mzima, goti limetulia, na lile jicho ulilotiwa dawa laona vizuri hata ukaisoma mwenyewe bila kumpa mtu. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Ni joto tu linalonisumbua. Joto la huku halina adabu: ukitoka kuoga, jasho limeshakungoja mlangoni.

Najua utauliza mbona sikupiga simu. Nilipiga, Baba. Ulisikia nusu, ile nusu nyingine ukaijaza mwenyewe, kisha Shangazi akanipigia akilia kwamba ameambiwa nimeugua kifua. Si mimi niliyeugua. Ndiyo maana nimeshika kalamu, nikueleze kisa tangu mwanzo, na ujue pia kwa nini sitakuja nyumbani Siyu likizo hii kama nilivyoahidi.

Chuoni nimepewa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kemia ya mwanzo. Wengi wao waliichukia kemia tangu sekondari, na sasa wamelazimika kuisoma kwa sababu wanataka kupima maji, au kufanya kazi maabara, au kwenye viwanda vya hapa Changamwe. Maswali yao hayabadiliki sana mwaka hadi mwaka. La kwanza huwa ni la moli. Moli ni hesabu, nawaambia, kama vile dazeni, ila ni hesabu kubwa mno kwa kuwa chembe zenyewe ni ndogo mno. Kuna kijana wa bara, Brian, kwao Nakuru. Akainua mkono: "Lakini madam, kama ni hesabu moja, mbona moli ya chuma inakuwa nzito kushinda moli ya kaboni? Hiyo imekataa kuingia."

Nikakukumbuka wewe. Nikawaambia, babangu alikuwa akikata mikoko, na mikoko kwetu huhesabiwa kwa korija. Korija ya fito ni ishirini, na korija ya boriti ni ishirini. Sasa Brian, njoo uniinulie korija ya boriti. Darasa likacheka. Brian akasema, "Hiyo ni ya lori, madam." Basi, nikamwambia, hesabu ni moja, kilichohesabiwa ndicho tofauti. Tangu siku hiyo wanakuita Mzee Korija. Wakikosea hesabu utawasikia, "Mzee Korija angekasirika." Usiudhike, wanakupenda.

Swali la pili huwa ni la chumvi. Nawafundisha kwamba chumvi ya mezani imetokana na vitu viwili: sodiamu, ambayo ni metali laini na ukiitia majini hulipuka, na klorini, ambayo ni hewa ya sumu. Kila mwaka yupo atakayesema, "Mwalimu, sasa mbona twala chumvi na hatufi?" Nami hulipenda swali hili. Huwaeleza kwamba vitu vikiungana hasa, si kukaa pamoja tu, tabia zao za zamani huondoka na kitu kipya huzaliwa na tabia zake chenyewe.

Siku hiyo nilikuwa nimemaliza kueleza hivyo, nageuka kufuta ubao, nikasikia sauti nyuma. Ilikuwa Kadzo, msichana wa Kigiriama kutoka Kisauni. Kadzo huwa hasemi. Hukaa karibu na dirisha, anaandika, anaondoka.

"Mwalimu," akasema, "ikiwa vitu viwili vibaya vyaweza kuzaa kizuri, je, vitu viwili vizuri vyaweza kuzaa kibaya?"

"Vyaweza," nikamwambia. "Vizuri kama nini?"

"Kama vya kusafishia."

Brian akanong'ona kwamba hiyo haitakuja kwenye mtihani. Mimi nilikuwa naitazama mikono ya Kadzo. Alikuwa ameishika kalamu kama mtu anayeogopa itaanguka. Nikamwuliza ni vya kusafishia vipi. Akasema ile dawa ya kutakatisha nguo nyeupe, na asidi ya choo.

Baba, chaki nikaiweka chini. Vitu hivyo viwili vikikutana, ile ile klorini niliyokuwa nimetoka kuiandika ubaoni huachiliwa ikatoka hewani. Ni nzito kuliko hewa hii tunayovuta, kwa hivyo hukaa chini, pale pale mtu anapoinama kusugua.

"Nani achanganyaye?"

"Mamangu."

Kipindi kilipokwisha tukakaa nje kwenye veranda, akanieleza. Mamake husafisha vyumba katika nyumba moja ya wageni kule Nyali. Muda mrefu sasa akohoa, kifua chamchoma, macho mekundu kila jioni. Daktari alimpa dawa ya kuvuta akidhani ni pumu. Mjombake Kadzo asema ni kijicho cha majirani, na wameshapanga kumpeleka kwa mganga kwao, Kaloleni. Kadzo alikuwa na shaka yake, lakini hakuwa na la kumwambia mtu. "Nitaanzaje, mwalimu? Mimi ni mtoto. Nikimwambia mjomba kuwa amekosea, atasema ndiyo nimesomeshwa ili nimkosee heshima."

Jumamosi nikaenda naye Kisauni. Mamake alitupokea vizuri, akanitilia chai ya tangawizi, akakaa kwenye mkeka akijipepea. Kila baada ya maneno machache hukatika akakohoa, kikohozi kikavu kinachokwaruza. Mjomba naye alikuwapo, mtu mpole tu, si mkali kama nilivyomdhania. Nikaeleza jambo langu kwa adabu zote ulizonifunza.

Mama Kadzo alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, kazi hii naifanya tangu huyu hajui kutambaa. Nyinyi mwasoma, sisi twafanya. Nikichanganya, choo chang'aa mara moja. Nisipochanganya, nitasugua kimoja hadi adhuhuri, na vyumba vyaningoja."

Nilikuwa nimejitayarisha kumweleza sumu, sikuwa nimejitayarisha kujibu habari ya muda. Maana alikuwa akisema kweli. Yule mama hakuwa mjinga hata kidogo; alitafuta njia ya kumaliza kazi aliyopewa, akaipata.

Nikamwuliza, "Mama, kuna siku kifua hupata nafuu?"

"Nikienda kwetu Kaloleni," akasema. "Nikikaa siku mbili tatu, kifua chafunguka kabisa. Nikirudi, yale yale."

Mjomba akapiga goti lake. "Si nilisema! Akiwa mbali na majirani hawa yu mzima."

Mimi nikasema, "Na akiwa mbali na vyoo vile, mjomba."

Tukatazamana. Neno moja, na kila mmoja wetu alikuwa ameliona kuwa ushahidi wake. Nilijua nikianza kushindana naye, Kadzo ndiye atakayeumia nikishaondoka. Basi nikasema, tusibishane. Mganga asiachwe ikiwa ndiyo nia yenu, na kazi isiachwe. Jambo moja tu libadilike: asichanganye. Atumie kimoja, amwage maji mengi, afungue dirisha, na cha pili asikiguse kabisa. Majirani watakuwa wale wale, nyumba ile ile. Tuone kifua kitasema nini.

Mjomba alifikiri, akasema, "Hilo ni neno la haki." Mama alimtazama mwanawe. Kadzo, ambaye tangu tuingie hakuwa amefungua mdomo, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nitakuja nikusaidie kusugua siku nisizo na masomo." Ndipo mama akasema haya, nitajaribu.

Sikulala vizuri juma lile. Je, nikiwa nimekosea? Je, akifukuzwa kazi kwa kuchelewa, na kikohozi kibaki? Kwa kweli msimamizi wake alimgombeza kwa vyumba kuchelewa. Lakini Kadzo alikuja darasani siku moja, akasimama mlangoni wenziwe hawajaingia, akaniambia, "Mwalimu, jana mama alilala usiku kucha. Sikumsikia akikohoa." Kisha akaangua kilio, na mimi nikalia naye, tumeshikana pale kama watu waliofiwa, na kumbe ni furaha.

Baadaye nilimsindikiza mama hospitali, akamweleza daktari mwenyewe kila kitu. Daktari akasema nafuu ipo na itaendelea, lakini kifua kilichounguzwa muda mrefu huenda kisirudi chote. Akipanda ngazi bado hukatika pumzi. Nakuambia hivi usije ukadhani binti yako amefanya miujiza. Wangapi nimewafundisha habari za klorini, na hakuna aliyeniuliza kuhusu mamake.

Mjomba naye asema kijicho kilikuwapo, ila kilipitia kwenye chupa. Sikubishana naye. Siku hizi ndiye anayewaonya watu zaidi yetu sote.

Sasa nifike kwenye likizo. Mama Kadzo aliwaambia wenzake wa kazi, nao wakawaambia wenzao wa nyumba nyingine, na juzi nilipokwenda kumjulia hali nikakuta uwani kumejaa wanawake wamekalia mikeka na ndoo zilizopinduliwa. Kila mmoja amekuja na chupa zake kwenye mfuko. Wakauliza maswali, Baba, maswali ambayo darasani kwangu hayajapata kuulizwa. Hii yaweza kukaa na ile kabati moja? Mbona glavu zangu zimeyeyuka? Nikiwa na mimba je? Nilijibu niliyoyajua, na nisiyoyajua nikasema sijui, nitauliza.

Kisha mama mmoja mtu mzima, Bi Mwanajuma wa Likoni, ambaye huvuka feri kila alfajiri kuja kazini, akanyanyua chupa akaisogeza karibu na macho. "Hapa pameandikwa nini, mwanangu?"

Nikamsomea kile Kiingereza, kisha nikamgeuzia kwa Kiswahili: usichanganye na kitu kingine, hutoa hewa ya sumu.

Akaigeuza chupa, akaipapasa kwa kidole gumba. "Kumbe walijua," akasema. "Na wajua nani asafishaye. Mbona basi hawakutuandikia sisi?"

Chupa ile ikapita mkono kwa mkono. Nimesomea kemia miaka, na swali lile sijawahi kujiuliza.

Brian, niliyekuwa nimemwomba aje anisaidie kubeba vitu, ndiye aliyesema, "Madam, si tuandike sisi?" Basi ndivyo tutakavyofanya likizo nzima: wanafunzi wangu wataandika onyo lile kwenye karatasi kwa Kiswahili chepesi, herufi kubwa, tuzibandike kwenye chupa za kila atakayetaka, Kisauni kwanza, kisha Mtongwe na Likoni. Kadzo ndiye atakayewasimamia. Yule aliyekuwa hasemi, Baba. Nisamehe kwa hilo, nitakuja baada ya hapo, inshallah.

Nisalimie Shangazi, mwambie afute machozi, kifua changu kizima. Nisalimie kaka Bwanamkuu na watoto wake, na Mwalimu Athmani aliyenifunza juzuu. Jirani yetu fundi wa majahazi naye mpe salamu, umwambie sijasahau halua yake.

Na wifi yangu mwambie nampenda sana, lakini kabla hujaikunja karatasi hii, mwite, umwulize anasafishia nini choo.

Wako akuombeaye dua kila swala,
binti yako,
Mwanaesha