Ng'ombe Hawasikii Jua

Shangazi, shikamoo. Nakusoma kila gazeti linapofika na lori la dawa za mifugo, sikudhani na mimi nitakuandikia, lakini yamenifika shingoni.

Mimi ni fundi wa sola kwenye ranchi ya ng'ombe iliyo mbali na kila kitu, na kazi hii nimeipata kwa mjomba wangu, aliyeendesha jenereta hapa miaka ishirini na mbili, maana aliponiona nimemaliza chuo nimekaa tu nyumbani alimwendea meneja akamsihi, akanigawia nusu ya chumba chake, akanifundisha kuisikiliza mashine mpaka nijue inaumwa wapi, kwa hiyo elewa kwamba mtu huyu namshukuru kila ninapokula. Sasa tukafunga paneli na betri, jenereta ikabaki ya siku za mawingu, lakini mjomba kila saa sita mchana, jua linawaka, betri zimejaa, pampu inavuta maji kwa sola, yeye anaiwasha robo saa, dizeli inaungua, nikimuuliza anajibu, "Nawaita wenyewe," na mimi nikasema moyoni uzee umeanza kumchezea, nikamnong'oneza meneja, naye akamnyang'anya ufunguo.

Basi ng'ombe hawakuja kunywa. Mabirika yamejaa pomoni, wenyewe wamesimama kule malishoni wanangoja mngurumo, kwa sababu tangu wazaliwe mngurumo ndio maji. Siku ya tatu ndama wawili wakalala chini, meneja akarudisha ufunguo mbio. Mjomba hakugomba, alisema tu, "Ng'ombe hawasikii jua," akaiwasha, wakaja, na ndama wakapona, nashukuru Mungu.

Hajui mchongezi ni mimi. Jana amenimiminia chai akanionya, "Humu kuna mtu mdomo mrefu, mwanangu, jihadhari naye." Nikisema nitampoteza, nisiposema chai haipiti kooni. Nifanyeje?

Fundi Mwenye Aibu

Marahaba, mwanangu. Kwanza pole, maana hukuwa na nia mbaya. Pili, ulikwenda chuo kusomea umeme ukasahau kuuliza swali la pili. "Wenyewe ni nani, mjomba?" Maneno manne tu yangewaokoa ndama, na yeye asingeaibishwa.

Mwambie leo, kabla ya chai nyingine. Usizunguke, na usiseme "samahani kama nimekukosea." Hiyo "kama" iache huko huko. Umemkosea. Akinuna, mwache anune, ana haki yake. Kisha nendeni wote wawili kwa meneja, ukayafute uliyomnong'oneza, kwa mdomo ule ule uliosema. Pendekeza pampu ifungiwe kengele, ilie pamoja na jenereta kwanza, halafu ilie peke yake, mpaka ng'ombe waizoee, na mwalimu wao awe mjomba, si wewe.

Jambo la mwisho. Barua yako imejaa shukrani kwa huyo mzee, nimeisoma mara mbili. Lakini mimi si mjomba wako. Yeye umemwambia lini?