Jemadari na Kuku wa Mama

Shoga, nimechoka, hata kulia siwezi.

Leo nimempeleka mchumba kwa mama. Ndiyo, huyohuyo wa mikono minne, aliyekuwa jemadari wa vita huko sayari ya kwao.

Mama hana hili wala lile, akampa kisu. "Baba, hebu tuchinjie yule kuku."

Akapiga magoti. Jemadari, shoga! Kisu kakiweka chini kwa mikono yote minne. "Mama, niliapa sitaua tena."

Mama akanigeukia: "Na huyu ndiye wa kukulinda?"

Nimemtetea kwa kila mtu mpaka maneno yameniishia. Nikachukua mkoba wangu tuondoke.

Mama akamtazama weee. Halafu akamsogezea beseni la viazi.

"Hivi havina roho. Menya, mkwe wangu."

Mkwe, shoga! Kamwita mkwe!