Mtuhumiwa Katikati ya Galaksi

Jumatatu, 7 Julai

Chai, muhogo, picha za galaksi kwenye simu. Ya leo nyekundu, nzee, haizai nyota tena. Bora kuliko majirani.

Afande Okot katuma sauti kwenye grupu la klabu yetu ya nyota. Polisi mstaafu, bado anatoa amri. Shule ya wasichana kule Kibuli inataka mtu akaeleze mashimo meusi. Tutamchagua Jumamosi.

Naitaka nafasi hiyo. Miaka yote nimejisomea, hakuna aliyewahi kuniuliza kitu.

Jumamosi, 12 Julai

Bukoto, saluni ya Mama Neema. Klabu hukutana hapo kwa sababu ana viti. Mteja mmoja chini ya draya. Naye kapiga kura.

Okot kasimama kama yuko kortini. "Galaksi imekufa, haizai nyota. Shimo jeusi limekutwa katikati. Mtuhumiwa ndiye huyo."

Nilicheka mpaka mate yakanipalia. "Afande, ndiyo maana jela zimejaa. Nzi kakutwa buchani, basi kamuua ng'ombe?"

Nikawaeleza. Gesi baridi ndiyo chakula. Nyota huzaliwa humo, shimo nalo hula humo humo. Mashimo mengi yanayokula yako kwenye galaksi ambazo bado zinazaa.

Mama Neema, Mkongo mpole kupita kiasi: "Weye unajua mingi, dada, lakini unachokesha."

Okot kashinda. Mimi nilipata kura moja, yangu mwenyewe.

Jumatano, 16 Julai

Boda hadi Kibuli, kumtazama Okot akianguka mbele ya wasichana. Nimekaa nyuma.

Hakuanguka. Kasema yangu yote, nzi, bucha, kila kitu. Mwizi. Halafu kaongeza: "Lakini mgeni aliyekuja kula anaweza kuliunguza jiko." Shimo likila sana hutoa joto na upepo, gesi haipoi, nyota hazizaliwi. Sahihi. Inaudhi.

Msichana kauliza: shimo ndilo huizima galaksi, au galaksi huishiwa yenyewe?

Okot kaninyooshea kidole. "Muulizeni dada yule nyuma. Nzi ni wake."

Nikasimama. Nikasema kweli: wataalamu bado wanabishana, huenda ni yote mawili. Wakaandika. Mimi nimesema, wao wakaandika.

Jumapili, 20 Julai

Mawingu. Okot kapiga simu: gesi ikishapashwa moto, hupoa lini? Nimemwambia sijui.

"Basi jalada libaki wazi." Kisha akauliza kama nimekula.

Leo nimeshindwa kumdharau. Kesho nitajaribu tena.