Diski za Likizo

Mwalimu,

Fundi wa kompyuta amesema masomo yako yamekufa kwa sababu hayana sauti. Nimeanza na hilo kwa makusudi, maana najua ungecheka mpaka ushike meza. Aliniandikia kwenye karatasi, kwa mwandiko wa mtu mwenye haraka: "Dada hizi video zimekufa, hazina sauti hata moja. Nimejaribu zote. Bora mfute tu mpate nafasi." Nikamwandikia chini yake kwamba mimi ni kiziwi, shule yetu ni ya viziwi, na huyo mzee anayemwona kwenye video anaongea kwa mikono tangu mwanzo hadi mwisho. Akasoma, akajikuna kichwa, akaandika: "Sawa, ila sauti bado haipo."

Mimi siku ile sikucheka. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu unaijua wewe uliyenipokea darasa la kwanza nikiwa sina neno hata moja mkononi, nang'ata kila anayenigusa. Leo nafundisha cherehani katika shule ileile hapa Iringa na siku hizi sing'ati. Lakini karatasi ile niliikunja nikaiweka kwenye kikopo cha vifungo, ili kila nikichoka niisome tena nipate nguvu.

Ni mwezi wa tano sasa tangu tukuzike kwenu Mbeya. Acha nikueleze mambo yalivyokwenda, kwa utaratibu, kama ulivyokuwa unanidai nieleze.

Kila shule inapofungwa ulikuwa unampa kila mzazi diski moja ya kwenda nayo nyumbani. Masomo kumi na manne, kila moja kwenye diski yake, wewe umesimama mbele ya lile shuka la bluu ulilogongomea ukutani bwaloni: chakula, mwili na maumivu, shamba, safari, hasira, msiba. Ulisema mtoto akifundishwa alama miezi tisa kisha akapelekwa kwa watu wasiojua hata moja, likizo kwake ni kifungo. Na kwa kuwa diski zilirudi zimejaa mikwaruzo na mafuta ya kupikia, ulihifadhi kila moja kwenye kompyuta yako kama faili moja kubwa, diski nzima na kila kilichomo, uwe unachoma nyingine mpya kila mwaka. "Diski hukwaruzika, faili halikwaruziki." Ulilisema hilo kwa majivuno kidogo, samahani.

Hukuniambia kwamba mafaili yote yalikuwa ya aina ya nrg, na kwamba programu ya kuyafungua imebaki kwenye kompyuta yako peke yake, ile nzee yenye kifuniko kilichofungwa kwa kipande cha tyubu. Tena deki za kuchezea diski zimekwisha majumbani. Wazazi wana simu. Uliliona hilo mapema, ukawa unasema utayageuza likizo ijayo, na likizo ijayo, mpaka ugonjwa ukakurudisha Mbeya na kompyuta ukaondoka nayo.

Nilikwenda kuichukua. Mama Subira, mke wako, alinipikia ndizi akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza, kisha akaitoa kompyuta uvunguni ikiwa imefunikwa kitenge. Yeye alama zake ni za kuparaza, unajua, miaka yote hiyo alikuachia wewe kazi ya kutafsiri. Akachukua simu akaandika: "Mwanangu hii kitu mimi nilikuwa naionea wivu. Nenda nayo, ila usiniuzie." Njia nzima niliipakata. Pale Chimala abiria wenzangu walishuka kununua mchele, mimi sikuthubutu kuinuka.

Mwalimu mkuu akaipeleka kwa yule fundi. Fundi akayageuza mafaili yote kuwa iso, maana iso inafunguka kwenye kompyuta yoyote, akatafuta sauti, hakuipata, akatuandikia hukumu. Kilichoniumiza ni kwamba hakuwa amekosea kwa yote. Nilipozifungua mwenyewe niliona picha zimevurugika. Unainua mikono kuanza kusema, mikono inageuka vigaevigae, inaganda, inarudi iko mahali pengine na sentensi imeshapita. Anayesikia angesema picha inakwamakwama kidogo. Kwetu sisi hayo ni maneno yaliyokatwa.

Mwalimu mkuu ni mtu mwema na amechoka. Aliniambia tushukuru kwa ulichotuachia, mwakani tutarekodi upya. Nilimuuliza: mwakani lini, na watoto wanaondoka baada ya wiki tatu? Akafungua mikono miwili, ile alama isiyohitaji shule. Nikatoka bila kuaga. Nimeshamwomba radhi, kwa hiyo usiniangalie hivyo.

Lakini nilikuwa nimeshatoa ahadi. Unamkumbuka Jeni, yule mtoto wa Chunya aliyekuja mwaka huu, uliyemfundisha muhula mmoja tu kabla hujaugua. Mama yake hayupo, baba yake ni mchimbaji mdogo wa dhahabu. Baba huyo aliandika kwenye simu ya shule: "Mwalimu samahani kwa usumbufu. Mwanangu nikitaka kumwita huwa narusha kijiwe karibu na miguu yake ndo anageuka. Sipendi na watu wananicheka. Kuna namna nyingine?" Simu ilikuwa mikononi mwangu siku hiyo. Nilimjibu kwamba namna ipo, zipo nyingi, na atazipata siku ya kufunga shule. Sikumuuliza mtu kabla ya kujibu.

Nilijibu vile kwa sababu ya mama yangu. Kabla ya diski yako, kwetu Kilolo nilikuwa nakaa likizo nzima nikiangalia midomo ya watu. Mwaka mmoja niliumwa tumbo siku tatu. Mama alinishika kichwa, akanishika kifua, akalia, akanipa dawa ya malaria. Likizo iliyofuata ulimpa diski. Sisi deki hatukuwa nayo, kwa hiyo alikuwa anakwenda kwa jirani jioni akishatoka shambani, na jirani akawa anajifunza naye, na watoto wa jirani pia. Asubuhi moja nikiwa jikoni mama alinigusa bega akaniuliza kwa mikono, taratibu, huku ametoa ulimi kwa kujitahidi: "Umelala vizuri?" Nilikuwa na miaka tisa na hakuna mtu wa nyumbani aliyekuwa amewahi kuniuliza swali. Nilikimbilia nje nikakaa nyuma ya banda la mbuzi mpaka aliponifuata.

Basi nikaanza kazi. Kila siku baada ya vipindi, na Jumamosi mbili nzima, kwenye chumba cha cherehani. Naona aibu kukuambia nilipoanzia. Nilibadilisha herufi tatu za mwisho wa jina la faili, nikafuta nrg nikaandika iso, nikaona faili limevaa jina jipya, nikampelekea mwalimu mkuu ujumbe kwamba nimeweza. Kumbe nimebadili kibandiko tu. Ungenitania mwaka mzima.

Kisha nikasoma. Kiswahili chako ulichonifundisha kwa fimbo ya macho, na Kiingereza changu cha kubahatisha, nikasoma maelezo ya watu wa mbali waliokwama kama mimi. Na nikaelewa. Diski hukatwa vipande vidogo sana, maelfu kwa maelfu. Kipande cha diski ya kawaida ya kuhifadhia mafaili kina baiti elfu mbili na arobaini na nane, na iso imeshonwa kwa kipimo hicho. Lakini diski ya video hubeba zaidi, elfu mbili mia tatu na ishirini na nne kwa kila kipande. Fundi alipoyalazimisha masomo yako kuingia kwenye iso, kila kipande kilikatwa mkia ili kienee. Mimi ni mshonaji, Mwalimu. Nikiona vazi limebana kwapani sikati mkono wa mteja. Naona kipimo kilichotumika hakikuwa chake.

Mafaili yako ya mwanzo yalikuwa mazima, namshukuru Mungu, kwa sababu sikuruhusu mtu ayafute. Nikayarudia yote. Safari hii niliyageuza kuwa bin, inayochukua kipande chote kama kilivyo, pamoja na kile kifaili chake kidogo kinachoeleza kila kitu kinaanzia wapi. Kutoka humo nikaitoa video, na video nikaigeuza iwe ile inayochezeka kwenye simu yoyote. Ni hatua tatu, na kompyuta ya shule ilichukua karibu mchana mzima kwa kila masomo mawili. Mama Subira alikuwa ananiandikia kila siku: "Umekula? Hiyo mashine isikumalize na wewe."

Somo la kwanza lililotoka zima lilikuwa la salamu. Ulitokea mbele ya shuka la bluu, umevaa lile shati lenye ukosi uliochakaa, ukainua mikono ukasema, "Karibu, mzazi. Usiogope." Yote, bila kukatika. Nilisimama. Nilikujibu, Mwalimu. Nilikuambia asante, nikakuambia kwamba nina hasira umeondoka, nikakuambia nimechoka, na wewe ukaendelea kufundisha kuhesabu moja mpaka kumi. Nililia vizuri siku hiyo kisha nikaweka faili la pili.

Masomo kumi na matatu yametoka. La kumi na nne, la msiba, halikutoka. Hilo kosa si la fundi wala la kipimo. Sehemu ile ya kompyuta yako imechakaa na faili limeliwa katikati. Nimelijaribu kwa kila njia niliyoisoma. Linafunguka, unainua mikono, basi.

Wazazi wa mbali walifika siku moja kabla ya kufunga, kama kawaida. Baba Jeni alikuja na kofia yake mkononi na vumbi la Chunya kwenye viatu. Nilimwekea masomo kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu yake, nikamwonyesha pa kubonyeza. Mchana wote alikaa kwenye ngazi za bwalo, simu ameiegemeza kwenye tofali, mikono hewani. Wanafunzi wakubwa walikuwa wanapita wanamrekebisha. Aliwakubalia bila kinyongo.

Asubuhi Jeni akatoka bwenini na begi lake. Baba yake alisogea mpaka akawa mbele ya macho yake, akachuchumaa, akapunga mkono, akasema kwa mikono: "Mwanangu. Twende nyumbani. Bibi anakungoja." Alikosea mpangilio, lakini alisema. Na kila alama aliifanya huku kidole chake cha mwisho cha kulia kimesimama kama msumari. Unajua kwa nini. Ni kile kidole chako kisichokunjika tangu ulipoanguka na pikipiki. Amejifunza kwako, na akadhani ndiyo lugha yenyewe.

Jeni alikiangalia kile kidole. Kisha akageuka akaangalia mlango wa ofisi yako, akaniuliza: "Amerudi?"

Tulikuwa tumewatangazia wanafunzi kifo chako kwenye paredi ya asubuhi, Mwalimu. Tulidhani wote wameelewa. Wadogo wenye maneno machache walikuwa wameelewa kwamba umesafiri. Baba yake alinitazama mimi, mikono imemwishia, maana somo la msiba hakulipata, hakuna aliyelipata. Nikachuchumaa nikamweleza mimi. Nilimwambia umekufa, kwamba hurudi, kwamba mwili wako uko Mbeya na tulikuzika vizuri, kwamba hukumkasirikia. Aliuliza kama uliumwa sana. Nikasema ndiyo. Aliuliza nani sasa atafundisha. Nikajigusa kifua kabla sijafikiri. Baba yake alikuwa anafuata mikono yangu neno kwa neno, na nilipomaliza alinionyesha kwa ishara nirudie, taratibu, ajifunze.

Mara ngapi uliniomba nisimame mbele ya ile kamera, nami nikakataa nikisema uso wangu ni mbaya na mikono yangu ina alama za sindano. Tuligombana kabisa mwaka ule, sikukusalimia wiki nzima. Sasa nakuahidi. Shule ikifunguliwa nitalipigilia shuka ukutani nirekodi somo la msiba, jinsi ya kumwambia mtoto kiziwi kwamba mtu wake amekufa, kwa ukweli, bila kumwacha anangoja mlangoni. Nitalihifadhi mahali patatu, na aina yake nitaiandika kwenye daftari kwa kalamu ya wino, atakayenifuata asisumbuke.

Pumzika, Mwalimu. Mama Subira nitamwona Pasaka. Mimi nina kazi. Vidole vyangu vyote vinakunjika, itabidi watoto wazoee.

Mwanafunzi wako,
Atu